Ombi linalosafiri kwa boti

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Naingia kwenye mada.

Programu nyingi za simu hudhani ukibonyeza, seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, iko hapo inakusubiri. Huku Ziwa Tanganyika, ukitoka Kibirizi kwenda Kagunga, au ukishuka kusini hadi Kalya, mtandao unashika na kuachia. Kila ukikatika programu inaanza upya. Bando linaliwa, kazi haijafanyika.

Ipo njia nyingine: pokea, hifadhi, beba, kabidhi. Kanuni zake ziliandikwa katika RFC 5050, moja ya hati za kanuni za intaneti, mwaka 2007, zikaboreshwa katika RFC 9171 mwaka 2022. Chimbuko lake ni mawasiliano ya anga za juu. Ishara ya kwenda Mirihi inaweza kuchukua dakika 20. Kalya si mbali hivyo, ingawa ziwa likichafuka mtu huanza kuwa na mashaka.

Chukua zahanati ya ufukweni iliyopungukiwa dawa mseto. Simu ya mhudumu inafunga ombi zima katika furushi moja: dawa gani, kiasi gani, anayeomba nani, ombi linakufa lini. Hakuna kuulizana tena njiani. Simu ya nahodha ikisogea, Bluetooth inalihamisha, limefungwa kwa siri asiweze kulisoma. Boti ikitia nanga Kigoma, linaingia kwenye seva. Jibu litapanda chombo chochote kinachorudi.

Je, tugawe nakala ngapi? Mwaka 2000 watafiti Vahdat na Becker walipendekeza kila kifaa kinachokutana na chenye furushi kigawiwe nakala. Furushi linawahi, ila simu za watu zinajaa. Ukimpa mmoja tu, naye akapitia msibani akakaa wiki, imekula kwako. Mimi nachagua nakala tatu au nne. Sasa zikifika zote, bohari isije ikatoa dawa mara nne! Ombi lipewe namba palepale zahanati, kabla halijatoka. Seva ikiiona namba hiyo tena, iachane nayo. Hili waandishi wa programu hulisahau sana.

Na saa je? Simu iliyoisha chaji kabisa inaweza kuwaka ikasema ni mwaka 1970. Ndiyo maana RFC 9171 inaruhusu furushi libebe umri wake, kila kifaa kikiongeza muda kiliokaa nalo.

Kuna kijana kaniuliza mlangoni kuhusu kutuma pesa kwa njia hii. Hapana. Salio lazima lithibitishwe papo hapo, la sivyo mtu atalipa kwa shilingi ileile kwenye boti mbili.