Mwanagenzi Apewe Muda wa Kukaa: Zamu Maalumu katika Kituo cha Ushauri Nasaha Chuoni

Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya washauri nasaha, wahadhiri na wanagenzi wa saikolojia

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa mliopanda matatu asubuhi hii na mvua inanyesha. Najua Barabara ya Thika huwa vipi siku kama hii.

Nitaanza na sauti. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kona ya chumba cha ushauri, nikimsikiliza mwanagenzi akizungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mambo mengine kumhusu mwanafunzi huyo nimeyabadilisha. Walikuwa wakijaza PHQ-9, ile hojaji ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona, ambayo kila mmoja wenu anaijua: kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla haipiti 27. Kazi ilikwenda vizuri. Akaulizwa kuhusu usingizi, akaulizwa kuhusu chakula. Walizungumza Kiswahili bila wasiwasi, kama dada na mdogo wake. Walipofika swali la tisa, lile la mtu kuwaza kwamba ni heri afe, au kuwaza kujidhuru, mwanagenzi wangu akashusha sauti, akainamia karatasi, akaliuliza kwa Kiingereza, kisha akaongeza haraka: "Hiyo hapana, ama?"

Mwanafunzi akasema hapana. Alishapewa jibu, akalirudisha tu.

Mwanagenzi yule hakuwa mzembe. Darasani alipata alama nzuri, na ukimwamsha usiku wa manane angekutajia dalili zote za sonona bila kukosea hata moja. Lakini hakuwahi hata siku moja kulitamka swali lile kwa lugha yake mwenyewe, mbele ya mtu anayeweza kujibu ndiyo. Hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuzishughulikia zamu maalumu, na ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Zamu maalumu ni nini? Ni kipindi ambacho mwanagenzi, pamoja na kazi zake za kawaida, anakaa na aina moja ya shida: dharura, au uraibu, au matatizo ya kula, au tiba ya kikundi. Anakaa nayo miezi, chini ya mtu anayeijua. Marekani, vituo vingi vya vyuo vikuu vimeujenga mwaka wa uanagenzi hivyo. Wanaosomea shahada ya uzamivu ya saikolojia hufanya kazi mwaka mzima, mara nyingi saa 2,000, na katika programu zilizoidhinishwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, APA, mwanagenzi hupata usimamizi wa saa zisizopungua 4 kila wiki, 2 kati ya hizo akiwa peke yake na mwanasaikolojia mwenye leseni. Kinachonigusa ni hizo saa 4. Vyumba na vitabu tunaweza kuvipata taratibu.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na tuna Bodi iliyoundwa kwa sheria hiyo. Lakini ndani ya vituo vyetu, mwanagenzi mara nyingi anafika Jumatatu, anaonyeshwa kabati la faili, na Alhamisi anapewa mteja. Muhula mzima anaguswa na kila kitu: leo penzi lililovunjika, kesho mwanafunzi aliyefukuzwa hosteli, kesho kutwa msichana aliyebakwa. Tunasema anapata uzoefu. Mimi nasema anajifunza kuficha. Mtu anayekutana na kila kitu mara moja moja, peke yake, hujifunza uso wa kuonekana anajua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tunawavisha hawa vijana nguo juu ya nguo.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa mwanagenzi, katika kituo ambacho sitakitaja, wiki ya pili niliachiwa kijana aliyekuwa akiongea polepole mno, macho yake sakafuni. Nilimwuliza anaendeleaje. Akasema, "Niko tu." Nikaandika kwenye faili: yuko sawa. Nyinyi mliokulia hapa mnajua "niko tu" ina uzito gani. Nami nilijua, kwa kuwa ni lugha yangu, lakini nilidhani kazi inataka nisikie Kiingereza cha kitabuni. Kijana yule alirudi baada ya wiki tatu, akasaidiwa na mwenzangu mwenye uzoefu. Sikuwa na msimamizi wa kumwendea jioni ile nikamwambia, nimesikia neno fulani na sikulifuata.

Sasa zamu ya dharura kwetu huanza hivi. Siku ya kwanza mwanagenzi hukaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, na kuniuliza kwa Kiswahili: "Umewahi kufikiria kujiua?" Anauliza mara kumi. Mara nasema ndiyo, mara nanyamaza, mara nakasirika, mara nalia. Mwanzoni wote hulikwepa neno. Wanasema "kufanya kitu kibaya". Kitu kibaya ni kipi? Mwanafunzi aliyeiba mtihani naye amefanya kitu kibaya. Neno lazima liwe lenyewe, na sauti isishuke. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Jambo hilo limechunguzwa katika tafiti nyingi, na hazikuona kwamba kuuliza kunamsukuma mtu huko.

Kulikuwa na hofu nyingine, na hii ilikuwa ya kweli. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Niliwahi kuulizwa na mwanafunzi, kabla hajasema lolote, kama nitampigia polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wanagenzi wa zamu hii wanatakiwa kuujua uamuzi huo na waweze kuueleza kwa maneno mepesi, kwa kuwa hofu ya seli haiondoki mjini siku hukumu inaposomwa.

Baada ya swali huja mpango wa usalama, ule uliotungwa na Stanley na Brown: dalili kwamba hali inazidi, mambo ya kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtuliza, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuviweka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Kwenye karatasi unaonekana rahisi. Mwanagenzi mmoja aliandika, "Nitaenda kwa rafiki yangu, orofa ya tatu." Nikamwuliza: rafiki huyo hulala hosteli Ijumaa? Hakujua. Aliporudi kumwuliza mwanafunzi, ikawa rafiki huenda kwao Machakos kila wikendi, na usiku mbaya wa mwanafunzi ni Jumamosi. Kazi yote ya zamu hii iko hapo, kwenye Jumamosi ile, na huwezi kuiona ukiwa na mteja wa namna hiyo mmoja tu kwa muhula.

Sisi wa rika langu tulijifunza dharura kwa dharura yenyewe. Mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998, uliwaua watu zaidi ya 200 katikati ya jiji hili. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na manusura wakaletwa kwa mabasi hadi Uwanja wa Nyayo. Siku kama hizo anayejua na asiyejua wote huitwa. Sitaki mwanagenzi wangu apate somo lake la kwanza uwanjani.

Zamu ya uraibu nitaigusa kwa ufupi, ingawa imetushangaza kuliko zote. Tuliipanga tukifikiria pombe na bangi. Kilichokuja ni simu. Mwanafunzi mmoja alimfungulia mwanagenzi jumbe zake za M-Pesa: fedha za HELB, mkopo wa serikali wa masomo, zimeingia asubuhi, na kufikia saa kumi jioni zimebaki shilingi 300, nyingine zote zimekwenda kwenye kamari ya mpira. Mwanagenzi wa kawaida angehubiri. Huyu alikuwa na wiki sita kwenye zamu, ameshazoea njia ya mahojiano ya kumwamsha mtu ari yake mwenyewe, ile ya Miller na Rollnick, akauliza tu: "Mpira ukiwa unachezwa, unakuwa wapi?" Kijana akakaa kimya, kisha akasema kwa dakika tisini huwa hafikirii nyumbani. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi. Tukapata mahali pa kuanzia.

Tiba ya kikundi na upimaji wa kisaikolojia sitavimaliza leo. Kila kimoja kinataka mhadhara wake.

Najua mtakaloniambia: kituo chetu kina washauri watatu na wanafunzi maelfu. Basi msianzishe zamu sita. Anzisheni mbili. Fungueni daftari la mapokezi la mwaka uliopita, mwone wanafunzi waliwaletea nini hasa, maana chuo chenye wanafunzi wengi wanaotoka mbali na chuo cha wanaolala kwao havitalingana. Chagueni shida ambayo mmoja wenu anaijua vizuri, mpeni mwanagenzi miezi minne nayo, na saa ya usimamizi iandikwe kwenye ratiba kwa wino, isifutwe kwa sababu ya mkutano. Saa hiyo ianze kwa swali moja: wiki hii ulisikia nini usichokifuata?

Yule mwanagenzi wa swali la tisa sasa anasimamia wengine. Yuko nasi hapa, na ameniruhusu nimtaje hivyo. Nikimaliza atakaa kwenye kiti hiki na mimi kwenye kile, tuwaonyeshe zoezi la siku ya kwanza. Nahitaji wanagenzi wawili wa kujaribu baada yetu. Walioketi mstari wa nyuma, sogeeni mbele, mtasikia vizuri zaidi.