Nani Alichora Kajiado Kaskazini?

Ndugu zangu, na hasa wazee wetu mliotoka upande wa Olkeri alfajiri, asanteni kwa kuja. Ukumbi huu unahitajika saa sita, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Nimekuja na lile neno langu la siku zote: mpaka wa eneo bunge letu, Kajiado Kaskazini. Mwanasiasa akisimamisha gari pale stegi ya Rongai, barabara inaziba. Kikao cha mipaka kikiitishwa, viti vinabaki vitupu. Na ule mstari ukishachorwa, Katiba inasema hautaguswa kwa miaka minane, pengine kumi na miwili. Mtoto anaingia darasa la kwanza na kumaliza shule ya msingi akiwa ndani ya mstari ambao mzazi wake hakuusemea lolote.

Vijana hapa wanaijua Kajiado Kaskazini ya leo tu: Ongata Rongai, Nkaimurunya, Ngong, Oloolua, Olkeri. Wadi tano. Lakini ile aliyoiwakilisha marehemu Profesa Saitoti tangu 1988 hadi ndege ilipoanguka Juni 2012 ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianzia hapa daraja la Mbagathi, ikapanda vilima vya Ngong vinavyopita mita 2,400, ikashuka Bonde la Ufa mpaka kwenye joto la Magadi, mita 600 hivi tu juu ya bahari, ikafika Ewuaso, ikafika Mosiro. Mbunge mmoja. Juu watu wanakimbilia matatu namba 125 na 111 wawahi kazi Nairobi. Chini watu wanafuata mvua na ng'ombe.

Nataka mnisikilize hapa. Miaka hiyo nilihudhuria baraza moja huku juu. Alikuja mzee kutoka Bondeni, shuka begani, viatu vya tairi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameanza safari siku iliyotangulia, akalala njiani kwa jamaa. Alitaka kisima, basi. Baraza likafunguliwa, ajenda ya kwanza ikawa maji taka ya vyumba vya kupangisha. Ya pili, maji taka. Ya tatu, taa za barabarani. Watu walizungumza kwa uchungu, na walikuwa na haki, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua. Saa tisa mzee akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, haya maji mnayotaka kuyaondoa, mnayapata wapi?" Nilikosa jibu. Akaondoka awahi gari la Magadi, na neno kisima halikutajwa siku ile.

Hakuna aliyemdharau mzee yule. Mstari ndio uliomnyamazisha. Ukiwaweka wapangaji na wafugaji katika kapu moja, kisha ukahesabu kura, wafugaji watashindwa kila mara, hata mbunge awe mwema namna gani. Kwa hivyo mwaka 2012 maeneo bunge yalipotoka 210 kuwa 290, na Bonde likapewa Kajiado Magharibi yake, mimi nilishangilia, na ningeshangilia tena leo.

Kumbe kazi ilikuwa nusu. Angalieni sensa ya 2019. Kenya nzima watu 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata kama 164,015 kwa kila eneo bunge. Hicho ndicho kigezo. Katiba inaruhusu kupita au kupungua kwa asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu waliotawanyika, asilimia 40. Sasa Kajiado Kaskazini ilihesabiwa watu 306,596. Hata ukituita jiji, na sisi si jiji, kikomo ni kama 229,600. Tumepita kwa watu elfu sabini na saba! Wale wa Magharibi ni 182,849, wako ndani ya kipimo.

Najua mtu atasema: "Mwalimu, hao wa Rongai si wapiga kura wa hapa, wamejiandikisha kwao mashambani." Nimelisikia hili mpaka limenichosha. Someni kifungu cha 89 cha Katiba: kinahesabu wakazi. Mtoto wa chekechea anahesabiwa. Mama anayepiga kura Kisii lakini analala Nkaimurunya anahesabiwa hapa, kwa sababu choo chake kiko hapa, na mwanawe anaomba basari hapa. Fedha za hazina ya maeneo bunge, kwa sehemu kubwa, hugawanywa sawa kwa sawa. Watu 306,596 wanagawana fungu linalokaribiana na la Lamu Mashariki, yenye watu 22,258.

Na kabla hamjanielewa vibaya: simnyang'anyi mtu wa Faza, huko Lamu Mashariki, mbunge wake. Anasafiri kwa mashua, na Katiba yenyewe inataka jiografia, njia za mawasiliano, historia na utamaduni vizingatiwe. Lakini lazima tuambiane ukweli. Viti ni 290 na Katiba ndiyo iliyoviweka. Mwaka 2012 kulikuwa na kinga: mapitio yale ya kwanza ya mipaka chini ya Katiba hii hayakuruhusiwa kufuta eneo bunge lililokuwepo. Kinga hiyo haipo tena. Kiti kipya kikija hapa, kitatoka mahali fulani, na watu wa mahali hapo watajitokeza kwenye kikao. Sisi je?

Mapitio yaliyofuata yalipaswa kukamilika Machi 2024. Muda ukapita, kwa sababu tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025 tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna. Uchaguzi wa Agosti 2027 uko mlangoni, na mapitio yakikamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo.

Nilitaka kusema juu ya wanaotaka Rongai ihamie Nairobi. Muda hautoshi, ila hilo ni suala la mpaka wa kaunti, na njia yake ni nyingine kabisa. Mahakamani: mkikataa mstari, mna siku 30 tangu utangazwe katika gazeti rasmi la serikali. Thelathini tu.

Jambo la mwisho ni Olkeri. Tukigawanywa, wafugaji waliobaki huko wasije wakachanganywa tena na maghorofa kama yule mzee. Ndiyo maana nimewaomba wazee wakae mbele, na wao ndio watakaouliza kwanza. Mzee, karibu kipaza sauti.