Kabla ya Waya, Kidonge

Ahsante, mwenyekiti. Wazee wangu, ndugu zangu, nimesikia huko nyuma mtu akinong'ona kwamba leo tunaletewa habari za kutiwa waya kichwani kutibu Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, ukakamavu na uzito wa mwendo. Ni kweli, tutafika huko.

Tuanzie Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Wakati huo mtu aliyetetemeka kiasi cha kushindwa kushika kijiko aliweza kufanyiwa upasuaji wa kuunguza kidoa kidogo cha thalamasi, katikati ya ubongo. Alikuwa macho, kichwa kimetiwa ganzi tu, kwa sababu daktari alihitaji kuongea naye. Kabla ya kuunguza alipitisha umeme kidogo kwenye ncha ya waya, asije akakosea akaharibu panapoendesha mguu au ulimi. Daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo huko, Alim-Louis Benabid, akapandisha kasi ya mapigo hayo ya kupima. Yalipokaribia 100 kwa sekunde, mkono ukatulia. Akizima, unaanza tena. Kama ni hivyo, ya nini kuunguza? Kilichoungua hakirudi, ila umeme huzimika. Basi waya ukaachwa humo humo, ukaunganishwa na betri inayozikwa chini ya ngozi ya kifua.

Mwaka 1990 kikundi cha mtafiti Mahlon DeLong, Marekani, kilionyesha kwa tumbili kwamba kuna kiini kingine, chini ya thalamasi, ambacho kikinyamazishwa, ukakamavu na uzito wa Parkinson hupungua. Benabid akahamishia waya huko.

Lakini je, mgonjwa anapata nafuu kuliko kwa dawa peke yake? Ujerumani na Austria waliwagawa wagonjwa 156 kwa bahati nasibu: waya pamoja na dawa, au dawa tu. Matokeo yalitoka 2006. Baada ya miezi sita maisha ya wenye waya yalikuwa mepesi kwa takriban robo. Ila madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wao, na mmoja alifariki kwa kuvuja damu ubongoni. Anayekusimulia nusu ya kwanza tu anakuuzia kitu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mgonjwa anayefikiriwa kutiwa waya huacha dawa tangu usiku. Asubuhi anaambiwa: gonganisha kidole gumba na cha shahada, haraka, fumba na fumbua kiganja, inuka kitini bila kushika, tembea, geuka. Kila kitu kinapewa alama. Kisha anameza levodopa, kidonge cha Parkinson, anasubiri, anarudia yote. Alama zikibadilika sana, waya unaweza kumfaa. Zisipobadilika, kwa kawaida hata waya hautamsaidia. Mtetemeko tu ndio wakati mwingine hukaidi kidonge ukatii umeme. Kuanguka ovyo na kusahau, ambako dawa haikugusa, usitegemee waya uguse.

Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye waya inapitia kwenye kidonge. Na sisi? Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwapata wagonjwa 33 katika watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Watu walisema ni uzee, au wamerogwa.

Mimi ningepewa fedha za mashine moja ya waya, ningenunua levodopa, nikamfundisha kila tabibu wa zahanati kutazama vidole vile viwili vikigongana.