Kilinge na deni la wafu: kumtunga mwitawafu asiyeharibu mchezo

(Mhadhara uliotolewa Bagamoyo mbele ya wanafunzi wa sanaa, watunzi wa michezo ya mezani na wakazi waliofika kusikiliza)

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni. Walimu, asanteni kwa ukumbi. Na nyie vijana wa kule nyuma mnaochezesha madadu mikononi, nawasikia. Tulieni kidogo, mtacheza nikimaliza.

Nimeombwa nizungumzie jambo dogo lenye ugomvi mkubwa. Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, unamtungaje mtu anayeamrisha wafu bila kuwaharibia wenzake mchezo? Mhusika huyo nimemwita mwitawafu, na chama chake nimekiita kilinge.

Kwa wazee walioletwa na wajukuu, maelezo mafupi. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali, watu na hatari. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa linaweza kufaulu au kushindikana, dadu linarushwa, mara nyingi lile la pande 20. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo imetungwa mingine mingi ya ukoo huo. Hakuna anayeshinda wala kushindwa kama kwenye bao. Kwa hiyo nikisema usawa, sina maana kwamba wahusika wote wapigane kwa nguvu moja. Nina maana kwamba kila aliyekaa mezani, zamu yake ikifika, awe na la kufanya linalobadilisha mambo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika.

Chukua mpiganaji wa ngazi ya kati. Kwa zamu moja anashambulia mara mbili. Kila shambulio anarusha dadu la pande 20 na kuongeza 7. Adui ana ulinzi wa 13, yaani jumla ikifika 13 kapatikana. Mpiganaji anahitaji dadu lionyeshe 6 au zaidi: nafasi 15 kati ya 20. Akimpata, anarusha dadu la pande 8 na kuongeza 4, wastani wake 8.5. Piga hesabu ya mashambulio yote mawili, unapata madhara 12.75 kwa zamu.

Haya, msukule mmoja. Mnyonge huyu. Anaongeza 4 tu, kwa hiyo anahitaji 9 au zaidi, nafasi 12 kati ya 20. Madhara yake ni dadu la pande 6 na kuongeza 2, wastani 5.5. Msukule mmoja analeta 3.3. Mtu akisikia hivyo anacheka, anasema mpeni mwitawafu misukule anaowataka. Mpe wanane basi: 26.4. Mwitawafu hajanyanyua hata kidole, na tayari kapiga kama wapiganaji wawili na chenji imebaki.

Mtasema adui avae deraya. Sawa, mpe ulinzi wa 18. Mpiganaji sasa anahitaji 11, nusu kwa nusu, anashuka hadi 8.5. Msukule anahitaji 14, nafasi 7 kati ya 20, anashuka hadi 1.925. Wanane wanaleta 15.4. Bado wako juu.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni muda. Nilikaa pembeni ya meza moja hapa hapa mjini nikitazama vijana wakicheza. Binti aliyecheza mwitawafu alikuwa na misukule wanane, kila mmoja kokwa la ukwaju juu ya ramani. Zamu yake ikifika anarusha mara nane kuona nani kapiga, anarudi kurusha madhara ya kila aliyepiga, anajumlisha kwa kalamu, anasahau kokwa lipi limeshacheza, anaanza upya. Kijana aliyekuwa mlinzi wa msafara alitoka kununua mihogo ya kukaanga, akarudi, akala, akajifuta mikono, zamu ile ile bado inaendelea. Yule binti msimlaumu. Wachezaji walikuwa wanne, na kanuni zilikuwa zimetoa zamu 12, tisa kati ya hizo zake.

Wenzetu wametibu tatizo hili kwa njia mbalimbali, nitaje mbili. Toleo la tatu la mchezo ule wa Kimarekani, lilivyorekebishwa mwaka 2003, liliweka bei: kumwinua mfu kulitaka vito vya oniksi nyeusi, sarafu 25 za dhahabu kwa kila kipimo cha uhai wake. Mimi dawa hiyo siiamini. Ukimwekea mchezaji bei ya dhahabu, umempa kazi ya kutafuta dhahabu, na michezo hii imejaa dhahabu. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilikuja na saa: unawatawala wafu wako kwa saa 24, zikiisha bila kurudia uganga wako hawakutii tena. Afadhali kidogo. Lakini mchezaji mjanja anautumia uganga uliombakia jioni kabla ya kulala, anaamka na jeshi lake na nguvu mpya. Gharama ipo kwenye karatasi tu, mezani hakuna anayeisikia.

Msimamo wangu ni huu: gharama ya wafu wadaiwe walio hai, na walio hai hao wawe na midomo ya kuidai.

Sisi watu wa Bagamoyo hatuhitaji kwenda mbali kulielewa. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa kule kule chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani, na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaubeba hadi hapa mjini, wakafika Februari 1874. Tunapenda kusimulia uaminifu wao, na ni haki. Mimi kama mtunzi wa michezo nasimama kwenye jambo jingine: njiani kulikuwa na watu wasiotaka maiti ipite kwao. Ilibidi wale wapagazi wafunge mzigo mwingine wa uongo, waurudishe nyuma kana kwamba ndio maiti inayokwenda kuzikwa, na mwili wenyewe waufunge kama mtumba wa nguo. Ndipo wakapita.

Hebu fikirini. Maiti moja, imelala, haimgusi mtu, na msafara mzima unalazimika kutumia akili yake yote ili upite. Sasa mwitawafu wetu anaingia kijijini na wafu wanane wanaotembea, msimulizi anasema "mnafika sokoni, bei ya samaki imepanda." Hapana, jamani!

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kilinge: maiti haipiti bila kuulizwa. Kila makazi msafara unapofika na wafu, lazima mambo yatokee. Mtawaficha? Vipi? Mtamwona jumbe na kutoa kitu? Mtawaacha porini? Mkiwaacha, nani anabaki nao, maana msukule anatii sauti anayoisikia tu. Hapo mpiganaji, mwenye maneno matamu, mjuzi wa njia za panya, wote wana kazi. Nguvu ya mmoja imekuwa shughuli ya meza nzima.

Kanuni ya pili ni ya vita, nitaipitia haraka. Misukule wote ni kikosi kimoja, wanarushiwa dadu moja. Wanaongeza 4 kama kawaida, na wakipiga, madhara ni dadu la pande 6 kuongeza idadi yao. Wanane, dhidi ya ulinzi wa 13, wanaleta 6.9: zaidi kidogo ya nusu ya mpiganaji. Na mwitawafu akiwaamrisha, zamu yake imekwisha. Faida yake inabaki mahali pengine: wanaziba mlango, wanachimba, wanabeba, wanapigwa badala ya watu. Nadhani inatosha, na zamu inakwisha kabla mihogo haijapoa.

Kanuni ya tatu ndiyo niliyoijia. Mwitawafu hamiliki wafu. Wafu ni wa kilinge, yeye anakopeshwa.

Kilinge kina ngazi tatu, na majina nimeyachukua kwenye ngoma zetu za pwani: mwari, mteja, fundi. Mwari anakopeshwa wafu wawili na hana haki ya kuuliza wametoka wapi. Mteja anakopeshwa wanne na anaruhusiwa kulisoma daftari la kilinge, lenye majina ya wafu na wanaowadaiwa. Fundi anaruhusiwa kuinua wapya, na kila anayemwinua anamwandika kwa jina, jina la baba, na mahali alipozikwa. Jina hilo si pambo. Msimulizi analihifadhi, na siku moja atatokea mtu mwenye jina hilo la baba.

Mkopo wowote unaozidi ngazi yako unahitaji wadhamini, na wadhamini wanatoka hapo hapo mezani. Wengi wenu mna mama zenu kwenye vikoba, mnajua mambo yanavyokwenda: mama fulani akishindwa kurejesha, kikundi hakihangaiki naye peke yake, kinabisha hodi kwa aliyemdhamini. Kilinge kinafanya vile vile. Mwari akitaka msukule wa tatu, mmoja wa wachezaji wenzake lazima aandike jina la mhusika wake daftarini. Deni likichacha, kilinge kinamfuata mdhamini na kumdai kazi moja, ambayo msimulizi anaichagua. Ikikataliwa, wafu wanarudishwa usiku ule ule.

Mmeona kilichotokea? Wale waliokuwa wakienda kununua mihogo ndio sasa wanaoamua jeshi liwe kubwa kiasi gani. Kama wanaburudika nalo, watatia saini. Kama wamechoka, hawatatia saini, na hakuna haja ya msimulizi kuingilia au mtunzi kuandika marufuku. Kuna watunzi watasema hizi ni siasa, si hesabu. Ndiyo, ni siasa. Chama kisicho na siasa ni duka la uganga.

Sasa, ni wafu wa namna gani? Hapa sipendi tuige mifupa inayotembea wakati tuna vyetu. Hadithi za misukule mnazijua: mtu kachukuliwa kichawi, ndugu wamelia, wamezika, kumbe walichozika ni mgomba. Yeye analimishwa usiku na kulishwa pumba. Angalieni msukule wa hadithi zetu anafanya nini. Analima! Hofu yenyewe ni ya mtu kufanyishwa kazi bila ujira na bila kauli. Ndiyo maana katika kilinge msukule ana nguvu zaidi shambani kuliko vitani, na ndiyo maana mwitawafu anayewatumia misukule kwa miezi mingi anatajirika na kuchukiwa kwa pamoja.

Mzimu ni habari nyingine kabisa. Mzimu haukopeshwi wala hauamrishwi, unaombwa. Unakwendewa mahali pake, na ubani, na adabu, na unaweza kukataa. Unajua mambo ambayo hakuna aliye hai anayeyajua. Nimezigombanisha njia hizi mbili kwa makusudi: kwa kila msukule uliye naye, unapunguza 2 kwenye dadu la kuuomba mzimu. Mwenye misukule wanane anapunguza 16, yaani asijisumbue. Hivyo mezani mnapata waitawafu wa aina mbili wasiofanana hata kidogo, kwa kanuni ya mstari mmoja.

Kabla ya maswali, mambo mawili ninayoyakataza. Viungo vya binadamu visiwe kifaa cha uganga katika mchezo wenu, hata kwa utani. Katika nchi hii ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hizo, na ajuza wameuawa kwa kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mchezaji wa meza ya jirani anaweza kuwa wa familia hiyo. Na la pili, msichukue makaburi ya kale ya Kaole, hapa jirani, kama yalivyo mkayaweka kwenye ramani. Najua yanavutia, zile nguzo na alama za mabakuli ya Kichina. Lakini watu bado wanakwenda pale kwa dua. Tungeni mji wenu wa mawe, muupe jina lake.

Naona mikono. Dada wa kitenge cha kijani.

Anauliza: je, mhusika wa mwenzako akifa katikati ya mchezo, mwitawafu anaweza kumwinua awe msukule wake?

Swali zuri, na limeshavunja meza zaidi ya moja. Jibu langu: anaweza, ila mwenye mhusika akubali, na anayemchezesha aendelee kuwa yeye mwenyewe. Anaingia daftarini kama wengine, na deni lake linahesabiwa maradufu. Haingii kwenye kikosi. Ana zamu yake na dadu lake. Amri ya mwitawafu anaweza kuikaidi mara moja kwa siku. Na wadhamini hapa ni wachezaji wote waliobaki, si mmoja. Mmoja akikataa, aliyekufa anazikwa, na mchezaji wake anaandika mhusika mpya.

Haya, kijana wa madadu, na wewe?