Mlima Usio na Kibali: Mipango ya Ardhi na Kumbukumbu za Moshi

Waheshimiwa madiwani, wazee wetu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi hii ya kuzungumzia jinsi mipango ya ardhi inavyoweza kulinda kumbukumbu za Moshi na mtazamo wetu wa Mlima Kilimanjaro.

Nianze na mwaka 1863. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964, hapa Tanzania, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka huo, na lolote lililofuata linangoja tamko la Waziri. Kwa Kilwa au Bagamoyo, mpaka huo una maana yake. Moshi mjini tunaoujua ulishuka kutoka mlimani kuifuata reli ya Tanga, iliyofika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kwa hiyo stesheni yetu ya zamani, jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na nyumba za maduka za mtaani, zote ni changa mno mbele ya kifungu hicho, na ulinzi wake wa karibu ni mpango kabambe wa mji na kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri.

Hata ule mti wa Old Moshi, huko mlimani mji ulikotoka, ambao wenyeji huuonyesha kuwa ndipo Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, hauwezi kuitwa jengo. Mahali kama hapo panahitaji mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu, ambamo eneo linatajwa kwa jina na mipaka yake inachorwa kabla mtu hajaja na mkataba wake mkononi. Mifongo, yaani mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu, ni hivyo hivyo: ikikosekana kwenye ramani, siku ya kugawa viwanja huhesabiwa kuwa mtaro tu.

Sasa mlima wenyewe. Kilele cha Kibo, mita 5,895, kiko takriban kilomita 30 kaskazini mwa mji na kinatuzidi kwa karibu mita 5,000, yaani kwa macho yetu kinapanda mita moja kwa kila mita sita za umbali. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini matokeo yake ni mazito: jengo la mita 18 linamzibia kilele kila aliyesimama nyuma yake, upande wa kusini, ndani ya mita mia moja hivi. Hifadhi ya Taifa inaulinda mlima. Haiulindi mtazamo wa mtu aliye kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa. Jengo la upande wa kusini wa mtazamaji halimzuilii chochote, wala jengo refu lililo mbali sana mbele yake. Hivyo hakuna haja ya kuukataza mji mzima kupanda ghorofa, jambo ambalo, nakiri, lingekuwa uonevu kwa wenye viwanja.

Kinachohitajika ni kuchagua sehemu chache za kutazamia, tuseme mbele ya stesheni, kwenye mzunguko huo, na katika barabara mbili tatu zinazoelekea kaskazini, kisha kuchora mstari wa kuona na kuandika, katika mpango wa kina wa eneo hilo, urefu wa mwisho kwa kila kiwanja kilicho ndani yake. London imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1930 ili kuba la kanisa la St Paul's lionekane, na mji ule haukuacha kujengwa. Mwenye kiwanja kilichowekewa kikomo aruhusiwe kujenga eneo kubwa zaidi la kiwanja chake, au apunguziwe ada. Akiachwa abebe mzigo peke yake, ataupinga mpango, na atakuwa na haki.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi wasikilizwe kabla mpango haujaidhinishwa. Ninaomba mkutano huo ufanyike asubuhi na mapema, nje, kwenye mzunguko, kabla mawingu hayajamfunika Kibo, na afisa mipango miji aje na ramani yake.