Kubadilisha kadi ya waifai kwenye laptopu kongwe (na nakuomba usivute waya)

Assalamu alaykum jamani, hamjambo, niko hapa Chake Chake kwenye banda langu lile lile, mnivumilie na makelele, jirani anachomelea mageti. Mezani leo n'na Dell Latitude E6420, laptopu ya 2011 hii. Mwenyewe mwalimu wa skuli, kaniletea ananambia "fundi waifai imekufa, bora nitafutie laptopu nyengine." N'kamwambia mwalimu, kaa kitako kwanza. Laptopu hii ukimpiga nayo mtu kichwani anakufa yeye, yenyewe inabaki. Mie hizi kongwe nazipenda wallahi, unafungua kwa bisibisi moja, si hizi mpya zilizogandishwa kwa gundi kama viatu vya mtumba.

Haya, kabla hujashika bisibisi. Ubavu wa kulia hapa, ngoja nisogeze simu, mnaiona hii swichi ndogo? Hii ndo swichi ya waifai. Ikiwa imezimwa hapa, hata ubonyeze nini ndani ya Windows haiwaki ng'o. Laptopu nyengine hazina swichi, zina Fn na kitufe chenye picha ya mnara. Watu wananiletea laptopu, nasukuma swichi, namrudishia palepale. Pesa sichukui, soda nachukua.

La pili ni hotspoti ya simu. Kadi iliyomo humu inashika mawimbi ya 2.4 GHz tu, sasa simu yako kama umeiweka hotspoti 5 GHz laptopu haitaiona maisha, hata uilaze simu juu ya kibodi. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti weka 2.4, kwenye iPhone kuna kidude kimeandikwa Maximize Compatibility, kiwashe. Na usalama, yaani aina ya ulinzi wa paswedi, weka WPA2, maana ukiweka WPA3 kadi za zamani nyingi jina utaliona lakini kuingia hazikubali, unabaki kuandika paswedi mpaka unamgombeza mkeo kwamba kaibadilisha.

Ya mwalimu hayo yote n'shayapitia. Inashika, dakika mbili inaachia. Inashika, inaachia. Nikaandika devmgmt.msc kwenye Start, ikafunguka orodha ya vifaa vya laptopu, nikaingia kwenye kadi yake, pale Power Management nikatoa tiki ya juu, ile inayoruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme. Hiyo jaribuni na nyie, mara nyingi inatosha. Kwa mwalimu wapi.

Kwa hivyo tunafungua. Zima, si kulaza, ZIMA. Toa betri, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kidogo. Skrubu za chini hizi unazijua mwenyewe, fungua, vuta kifuniko, tayari. Mmh! Jamani natamani simu ingepeleka harufu, inanukia karafuu humu ndani. Mwalimu kumbe anaiweka chumba kimoja na magunia.

Kadi ndo hii, nusu ya kiberiti, inashikwa na skrubu moja na waya mbili, mmoja mweupe mmoja mweusi. Hizo waya ndo antena, zinapanda mpaka huku juu kwenye skrini. Laptopu nyengine utakuta na wa tatu, usishtuke. Piga picha sasa hivi, kabla hujagusa kitu. Umepiga? Piga tena.

Sasa hapa nataka mnisikilize. USIVUTE WAYA. Hivi vichwa vya waya ni vidogo kuliko punje ya mchele, na viwandani wanavihesabia kama mara thelathini tu za kufunga na kufungua, si kitu cha kuchezea. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilikuja na koleo, nikashika waya, nikavuta kama nang'oa muhogo, waya ukatoka mkononi na kichwa kikabaki kwenye kadi. Laptopu ya mtu! Ilibidi nifungue skrini yote nipitishe antena nyengine, siku mbili, na pesa nikatoa mfukoni mwangu. Kwa hivyo ukucha, au kibanzi cha plastiki, pita CHINI ya kichwa, inua juu wima. Si kwa ubavu. Si kwa waya. Tazameni, naingiza ukucha hivi... simu inakataa kulenga, ngoja... hivi... tik. Kimetoka. Wa pili tik. Waya umeguswa? Haujaguswa.

Toa skrubu, kadi inajiinua yenyewe... eh! Imedondoka. Skrubu imedondoka, mmeisikia? Basi tutaitafuta baadaye.

Oneni huku kwenye meno ya kadi, huu ukijani. Mwalimu anakaa Wesha, bahari pale mlangoni, na hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Kama yako iko hivi usikimbilie kununua kadi, chukua raba ya penseli, sugua taratibu meno yote, pangusa kwa spiriti, ikauke, rudisha. Nauza kadi mie lakini nakwambia ukweli, raba ni rahisi zaidi. Hii jana niliisugua, ikakaa saa nzima, ikaanza tena, ndo nikampa mwalimu bei.

Naweka Intel 7260. Ina 2.4 na 5 GHz zote, ina na bluetuthi. Lakini angalieni herufi za mwisho, 7260HMW ndo hii yenye meno ya laptopu za miaka hii. 7260NGW jina moja, sura nyengine kabisa, hiyo ni ya M.2, tundu la laptopu mpya zaidi, humu haingii hata uisomee dua. Nishaagiza NGW tatu mie kwa pupa, zikaja na boti kutoka Unguja, ziko kwenye droo mpaka leo, mwenye laptopu yake aje tuongee.

Na wewe mwenye HP au ThinkPad ya zama hizi, subiri, usinunue kadi kwanza. Nyingi ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, zina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka ya nje ya orodha laptopu haimalizi kuwaka, ThinkPad inakuandikia 1802, HP inakuandikia 104. Hujaiua, toa kadi itawaka. Tafuta kadi iliyotolewa kwa modeli hiyo hiyo, au chomeka adapta ya USB umalize maneno. Latitude hizi hazina ukaidi huo.

Haya, kadi inaingia kwa mshazari, laza, skrubu... skrubu sina, naazima ya kadi nyengine. Sasa waya. Kwenye Dell mweupe unakwenda namba moja, mweusi namba mbili, wengine wana mpango wao ndo maana nikasema picha. Weka kichwa juu ya kitako chake USIBONYEZE bado. Kitembeze kidogo mpaka ukihisi kimekaa sawa. Kimekaa? Ndo ubonyeze kwa ukucha, tik. Ukibonyeza kikiwa pembeni unakibonda, na kikibondeka hakirudi. Nasema tena, usi...

Umeme umekata.

Haya tumerudi, umeme ulikatika nusu saa, nikasali na nikala urojo. Vichwa vimeingia vyote, mtaniamini tu. Kifuniko, betri, washa.

Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi: Windows 10 ikiwa haikuitambua kadi, usilie kwamba huna intaneti ya kuishushia. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, laptopu inakula bando la simu, shusha draiva ya Intel, maliza.

Yangu imeitambua. Haya tuone majina ya waifai... hakuna. Hata moja. Subirini. Waya n'meziweka, draiva ipo... mbona... 

Lo. Swichi. Swichi ya ubavuni, nilipoipindua laptopu nimeizima kwa kiganja. Mpwa wangu anacheka huku nyuma, cheka tu, soda leo hupati. Nasukuma, na hizo, tisa, ya jirani wa ghorofani nayo imo. Naweka hotspoti yangu 5 GHz makusudi... imeiona, imeingia. Naiacha ifungue video mpaka jioni nione kama itaachia, mwalimu anakuja baada ya magharibi.

We kijana, inua huo mkeka, ile skrubu bado siioni.