Uliza Jua la Julai Kabla ya Kulipia Ploti

Ndugu zangu, wengi wanaonunua nyumba au ploti huku nyanda za juu za Kenya, Molo, Londiani na Timboroa, huja kuiangalia Desemba. Watu wako likizo, anga iko wazi, jua limejaa uani. Lakini jua la Desemba halipiti njia ya jua la Julai, na Julai ndipo baridi huwa kali.

Tuko karibu na Ikweta, kwa hivyo mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kinachobadilika ni upande. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza nyuzi 23 kaskazini mwa mashariki. Mwishoni mwa Desemba, nyuzi 23 kusini. Kilima ambacho hakikukuzuia Desemba chaweza kukunyima asubuhi ya Julai. Na asubuhi ndiyo mali, maana alasiri huku mawingu hujikusanya na mvua ikanyesha.

Kupima ni rahisi. Simama pale dirisha litakapokuwa, ushike dira mbali na mabati na gari. Tazama mashariki, nyoosha mkono, kisha geuka kushoto ngumi mbili na ushee. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Hapo ndipo jua la Juni hutokea, na la Julai karibu na hapo. Sasa panga ngumi juu ya ngumi, kuanzia usawa wa macho hadi ukingo wa kilima. Kila ngumi hula jua la dakika 40 na zaidi. Zikifika tatu, jua lililochomoza saa kumi na mbili na nusu litakufikia karibu saa tatu kasorobo. Hapo bei ishuke sana, ama uache.

Miti nayo? Mkalitusi wa jirani wa mita 25, upande huohuo, hutupa kivuli cha karibu mita 50 saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Adhuhuri ni mita 11 tu. Anayekuja kukagua saa sita haoni tatizo. Miche ya jirani ihesabuni kama miti mizima.

Ukuta usioota jua hushika ukungu, rangi ikabanduka. Paneli ya sola ni hivyohivyo: kivuli kwenye seli chache hupunguza umeme wa paneli nzima, kwani seli zimeunganishwa mfululizo. Bondeni kabisa pia msikimbilie. Usiku hewa baridi, kwa uzito wake, hutiririka na kutuama huko, na ndiko sakitu, yaani umande ulioganda, huchoma viazi.

Aliyekwisha kununua aweke jikoni na sebule mashariki. Stoo na choo vikae kwenye kivuli.